Karatasi ya Tatu

Kolwezi, mtaa wa Kasulo
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia kwa heshima na kwa moyo wote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limekuachia kidogo, na ile mihogo uliyopanda kando ya njia wezi wameionea huruma mwaka huu. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Jémima ameng'oka meno mawili ya mbele, na tangu siku hiyo hacheki mbele ya wageni. Anacheka kwa kufunika mdomo kwa mikono miwili, nasi tunazidi kumchekesha. Mimi kifua kinanikwaruza kwa vumbi la shimo la madini, lakini usiwe na wasiwasi, maziwa nakunywa kama ulivyoniagiza. Micheline naye anakusalimia sana. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini niandike.

Barua hii nimempa Zéphirin, dereva wa lori linalopeleka chumvi na mafuta huko Musumba. Sikumpa Tata Mukendi, ingawa naye anapanda lori hilohilo. Mdogo huyo wa baba yangu, marehemu Tata, ni mtu mwema, nampenda, lakini habari ikipita mdomoni mwake inafika imenenepa. Najua atakuambia kwamba mke wangu amenikimbia. Kwa hiyo nakuomba, Mama, kabla hajamaliza kunawa mikono, vaa miwani yako uisome barua hii mwenyewe. Usimpe katekista akusomee. Humu mna aibu yangu, na sitaki iimbwe kanisani.

Unakumbuka kwamba Micheline alimaliza masomo ya biashara kabla sijamwoa. Ile diploma imelala chini ya godoro letu miaka saba, ndani ya mfuko wa plastiki, na yeye anauza kadi za simu kwenye meza yake sokoni. Mwezi wa tatu benki moja ya hapa mjini ikabandika tangazo: wanatafuta kesie, yaani mtu wa kukaa nyuma ya kioo, kupokea na kutoa pesa za watu. Micheline akapeleka dosie yake ya maombi bila kuniambia. Aliniambia siku walipompigia simu kwamba aje kuulizwa maswali baada ya wiki mbili. Nilimwona akiniambia huku akitwanga majani ya sombe, hanitazami, mchi unapanda na kushuka haraka kuliko kawaida. Nikajua anaitaka kazi hiyo kwa roho yake yote.

Rafiki yake Huguette, aliyewahi kupita mahojiano ya namna hiyo kule Likasi, alinikuta njiani natoka kazini, akanikabidhi karatasi za maswali ambayo mabenki hupenda kuuliza, pamoja na namna ya kuyajibu. Nilifika nyumbani nikampa Micheline karatasi mbili. Alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma amesimama, na chakula kikaungua. Tulikula ugali wa bukari wenye masizi, na hakuna aliyelalamika.

Basi tukaanza mazoezi, Mama, na ungetuona ungecheka mpaka miwani ianguke. Kila jioni nikishaoga, navaa koti langu la harusi juu ya kaptula, nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mimi ndiye mkurugenzi wa benki. Micheline anasimama mlangoni, anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, anaingia. Namuuliza yeye ni nani. Siku ya kwanza alinieleza alizaliwa wapi, alibatizwa na padri gani, na kaka zake wangapi wako hai. Nikamwambia mkurugenzi amesinzia. Siku ya nne alijibu kwa sentensi tatu tu: jina lake, masomo yake, na kwamba kwa miaka saba hajawahi kumkosea mteja chenji pale sokoni. Nilisahau kwamba mimi ni mkurugenzi, nikampigia makofi.

Kulikuwa na swali la mteja anayeleta noti ya dola iliyochanika. Wewe unajua huku kwetu dola ikiwa na mpasuko mdogo tu, hata muuza nyanya anaikataa, na mwenye noti anakasirika kana kwamba umemtukana mama yake. Karatasi ilisema eti umweleze mteja kanuni za benki. Micheline akasema hapana, kanuni zitamwasha zaidi. Yeye angeichukua noti kwa upole, angeiinua kwenye mwanga, angemwonyesha mteja mpasuko kwa macho yake mwenyewe kabla ya kuhesabu chochote, ili asidhani imechanikia mikononi mwa kesie. Kulikuwa na swali la ndugu anayekuja kunong'ona kwenye kioo, anataka kujua jirani yake ana kiasi gani. Na swali la siku ambayo jioni sanduku halilingani na daftari. Hapo alisema angemwita mkubwa wake mara moja, kabla hajatafuta hata kwenye viatu vyake, kwa sababu anayetafuta peke yake ndiye anayeanza kushukiwa. Mama, mimi nilikuwa sijui kama nimeoa mtu mwenye akili namna ile. Nilijua anapika vizuri na hakasiriki haraka.

Jioni moja nilicheza mteja mkali. Nilipiga meza, nikapaza sauti kwamba ameniibia, kwamba nitamfukuzisha. Micheline ananijibu taratibu, ananiambia: "Tata, karibu ukae, tuangalie pamoja." Mara mlango ukafunguka, Tata Mukendi huyo, amevaa kiatu kimoja, nyuma yake nusu ya majirani. Akauliza: "Batoto, munapigana juu ya nini? Batu bote ba barabara banasikia!" Tulimweleza kuwa ni mazoezi ya benki. Hakuamini. Alikaa akatupa mashauri ya ndoa saa nzima, mpaka Jémima akalala juu ya magoti yake. Ndiyo maana nakuambia usimsikilize sana. Yeye mpaka leo anaamini usiku ule tulikuwa tunaachana.

Siku ya mahojiano Micheline alivaa kitenge cha bluu ulichompa, akafunga nywele nyuma. Alirudi saa nane mchana. Alivua viatu kwanza. Kisha akasema alikuwa mbele ya watu watatu, na mkubwa wao ni mwanamke mmoja aitwaye Madame Yolande. Walimuuliza mengi tuliyojifunza, akayajibu yote. Swali la dola iliyochanika liliwafanya watazamane na kuandika. Mwishoni Madame Yolande akamuuliza kama atakubali kupelekwa Tenke, kwa sababu nafasi yenyewe iko kwenye tawi la huko, mwaka mmoja kwa kuanzia. Micheline akajibu: "Nitauliza bwana yangu kwanza."

Alisema wale wanaume wawili walifunga kalamu zao palepale. Lakini Madame Yolande alimwambia kwamba kwa maswali mengine yote amekuwa wa kwanza, kwamba wapo wengine wanne waliojibu ndiyo bila kufikiri, na kwamba anampa mpaka Ijumaa. Aende amuulize bwana yake, alete jibu. Baada ya hapo hatasubiri.

Basi akaniuliza, Mama. Amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba kwa vile viatu, ananiuliza kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza kama chumvi imetosha. Niliinuka, nikasema naenda kutazama maji. Hakukuwa na maji yoyote ya kutazama. Nilisimama nyuma ya nyumba, karibu na lile shimo letu la madini tulilolifunika zamani, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko wa koti la kazi.

Sasa nakuambia, Mama. Huguette hakunipa karatasi mbili. Alinipa tatu. Nilizisoma njiani siku ile, nimesimama, na Kifaransa changu kidogo kinatosha kwa hayo. Karatasi ya tatu ilikuwa na swali moja tu la maana: je, utakubali kuhamishiwa mji mwingine? Na chini yake jibu: sema ndiyo papo hapo, kwa sababu benki haimtaki mtu ambaye lazima kwanza arudi nyumbani kuomba ruhusa. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nilijua Micheline asipojiandaa kwa swali hilo atajibu vilevile alivyolelewa kujibu. Nilijua atakosa kazi, na hakuna mtu atakayeninyooshea kidole. Kisha nikavaa koti la harusi wiki mbili nzima nikajifanya mwalimu wake.

Usiniulize kama nilikuwa nampenda siku hizo. Nilikuwa nampenda kupita kiasi, na ndiko kulikoharibu. Nilikuwa naona kioo. Yeye ng'ambo ya kioo, safi, watu wanamwita Madame, na mimi upande huu na vumbi langu kwenye kope. Nilifikiri atakayevuka kwenda kule hatarudi kulala na mchimbaji.

Niliingia ndani nikaiweka ile karatasi juu ya mkeka, mbele yake. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe sasa. Nilingoja alie, au anipige, au achukue mtoto aende kwao. Yeye akaifungua, akaisoma polepole, akasema: "Mi nilijua tangu siku ya kwanza. Chini ya karatasi banaandika moja kwa tatu, mbili kwa tatu. Najua kuhesabu, njo kazi yenye niliomba."

Alijua kwamba karatasi ni tatu, Mama! Kesho yake tu alimpigia Huguette, naye Huguette akamsomea ile ya tatu yote kwa simu. Jibu la Tenke alikuwa nalo kichwani kila jioni niliyokaa juu ya ndoo ile kumuuliza maswali. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema ndiyo mbele ya wale watu. Akasema hakutaka kuingia kazini kwa kupita mlango ambao mimi nimeufunga, akawa anarudi kila Ijumaa kwa mume anayeficha kitu. Alisema alikuwa ananingoja niitoe mwenyewe. Kila jioni alingoja. Na siku ya mahojiano alikuwa bado ananingoja, akaiweka kazi yake rehani ili anipe siku chache zaidi.

Nililia mbele ya mke wangu, sioni haya kukuandikia. Jémima alikuja akanifuta uso kwa gauni lake, akauliza kama nami nimeng'oka jino.

Ijumaa nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi za benki, nikabaki nje na mlinzi. Madame Yolande alimuuliza bwana yake amesema nini. Micheline akajibu: "Anasema atabaki na mutoto. Na anasema mara ingine musimuulize yeye, muniulize mi." Alitoka na mkataba mkononi, akapita mbele yangu bila kuniona kwa furaha, ikabidi nimkimbilie.

Ameanza wiki iliyopita. Anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Ijumaa jioni, na siku za katikati mimi ndiye ninayempikia Jémima na kumsuka. Nywele nazisuka vibaya, majirani wanacheka, mwalimu wake ameniomba niache. Kwa hiyo mtu akikuambia huko kwamba Micheline amemwacha mumewe, mwambie mumewe ndiye aliyembebea begi mpaka kwenye gari.

Limebaki jambo moja, Mama, na hili ni gumu kuliko yote niliyoandika. Nimejiuliza woga ule niliutoa wapi. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa nyuma ya ukuta wa jiko nanyonyoa kuku. Masista wa hospitali walikuja nyumbani. Walitaka uende Sandoa mwaka mmoja kujifunza ukunga, kwa sababu walikuwa wameona mikono yako. Walimuuliza Tata. Tata akawajibu hapana kabla hawajamaliza maji yao. Wewe ulisema sawa, ukatoka nje na sahani, ukasimama unaosha sahani moja muda mrefu, mpaka masista walipoondoka, na baada ya hapo bado unaiosha ileile. Nilikuona. Sikusema kitu siku ile wala siku nyingine yoyote, na nikakua nikidhani hivyo ndivyo nyumba inavyoshikiliwa.

Tata ni marehemu, simhukumu. Mimi mwenyewe nilikaribia kufanya lilelile, tena kwa kujificha. Lakini siku ile wote waliulizana juu yako, na hakuna aliyekugeukia. Nina miaka thelathini na minane, Mama, na mimi pia sijawahi kukuuliza. Nakuuliza leo: ulitaka kwenda?

Zéphirin atalala Musumba siku mbili kabla ya kurudi. Nimeweka karatasi tupu ndani ya bahasha. Andika neno moja, au ujaze pande zote mbili. Nitaisoma mwenyewe, sitampa mtu.

Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Jémima anakutumia busu la pengo. Micheline amesoma barua hii mwanzo hadi mwisho, anasema niipeleke ilivyo. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Mwanao anayekupenda,
Kabemba