Sikufa, Mama, Ni Stima Ilinishika

Huruma, Eldoret

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uanze na hii kabla ya zingine zote: mimi ni mzima. Nakula, natembea, nagombana na watu. Mwende akikusomea hapo, arudie mara mbili. Na wewe je, miguu imepunguza kuvimba? Mbuzi wanapata majani?

Nimesikia Kyalo amefika huko Mwingi akatangaza kwamba binamu yake alikufa Eldoret akafufuka, na sasa pasta anataka nije nitoe ushuhuda. Mama, huyo Kyalo hata hakuwepo. Sikufa. Iliyokufa ni simu yangu, ndiyo maana naandika.

Unajua kazi yangu ni kutafsiri filamu kwa kibanda cha video. Siku hizi wateja wanataka anime tu, hizi katuni za Wajapani. Nakaa mbele na maiki, naweka Kiswahili kwa kila mdomo, ndiyo maana wananiita DJ. Zimenichosha! Steringi, yaani yule mkuu wa hadithi, kila wiki lazima akaribie kufa. Anatobolewa kifua, anaanguka kwa mvua, halafu anaanza kuongea. Anamkumbuka mamake. Anamkumbuka mwalimu wake. Anamwomba msamaha rafiki wa shule ya msingi. Adui aliyemchoma amesimama tu hapo, anangoja kama mtu aliye kwa foleni ya hospitali. Na mimi ndiye nalia sauti zote hizo. Mwishowe anaamka ana nguvu kuliko kwanza, na watu wanashangaa kana kwamba hawakujua.

Mama Chepkoech, anayeuza chai mlangoni kwetu, huchungulia na kuuliza, "Amekufa?"

"Bado."

"Sasa mbona anaaga?"



Basi Jumamosi mchana mvua ilinyesha, maji yakapita kwa mabati yakalowesha sakafu. Nilikuwa nimevua viatu kwa sababu vililowa. Steringi akachomwa mkuki. Tukifika hapo huwa naanguka naye, nalala chini nikitafsiri, watu wanapenda hiyo sana. Nikapiga magoti kwa maji, maiki mkononi, na stima ikapita kwa waya ya maiki ikanishika.

Mama, mdomo ulijifunga. Mkono ukakataa kuachilia maiki. Nilisikia ladha ya chuma, nikaona mguu wa benchi na chingamu ya mtu imebandikwa hapo. Hakukuwa na ule mwanga unaosimuliwa kanisani, wala sikumwona marehemu babu. Na watu walikuwa wanacheka!

"DJ, leo umeweza!"

"Mngojeni aamke, steringi hafi!"

Walipiga makofi. Mmoja alikuwa ananirekodi. Nikafikiri, kumbe nitakufa hapa nikishangiliwa. Nilikasirika kuliko nilivyoogopa.

Aliyeniokoa ni Mama Chepkoech. Aliingia na kigoda chake cha mbao, akapiga waya mara moja ikang'oka ukutani.

"Nyinyi ni wajinga? Huyu anakufa!"

Nilipelekwa kliniki na bodaboda. Kiganja kiliungua lakini vidole vinakunja vizuri. Baadaye nilimuuliza Mama Chepkoech alijuaje kwamba siigizi. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Wale wako wakitaka kufa wanaongea sana. Wewe ulinyamaza. Na hujawahi kunyamaza tangu nikujue."

Niliingia kwa chumba changu nikafunga mlango, nikalia. Hiyo, Kyalo hawezi kukuambia kwa sababu haijui.

Kesho yake wateja wakaja kunijulia hali. Wa kwanza akasema, "Pole sana DJ. Kwani yule jamaa wa mkuki aliamka?" Wa pili alitaka kujua kama nimerudi na nguvu mpya. Nikamwonyesha bandeji. Akaigusa kwa kidole, akasema labda nguvu zitakuja polepole.

Kwa hivyo mwambie pasta namshukuru Mungu kwa moyo wote, lakini ushuhuda wa kufufuka sina. Akitaka, amwite Mama Chepkoech.

Usinililie nirudi nyumbani. Mwenye kibanda ameleta fundi, waya zote zimebadilishwa, na Alhamisi nilianza kazi tena. Ila steringi akianguka siku hizi nanyamaza, namwacha aongee Kijapani chake mpaka amalize. Watu wanapiga kelele, "DJ, tafsiri!" Siwezi, Mama. Maneno hayatoki.

Na huyu Mama Chepkoech sasa haniruhusu kushika maiki kabla hajakagua miguu yangu. Jana alinirudisha nje mbele ya wateja wote nikavae viatu vya gambuti. Nikajaribu kumweleza kwamba sakafu ni kavu, hakusikiliza. Akashika kiuno, akanigombeza mpaka filamu ikachelewa.

Nisalimie Mwende dada yangu, asome polepole asiruke mahali. Nisalimie mjomba Musyoka anayekusaidia na mbuzi, na nyanya, mwambie kiganja kinapona. Kyalo msimsalimie, nitamsalimia mwenyewe.

Wamama wa kunigombeza sasa ni wawili, mmoja Mwingi, mwingine Huruma, na hakuna hata mmoja ananiacha nimalize sentensi. Mungu awaweke nyote wawili.

Mwanao,
Mutuku