Tumekwama juu ya ukuta wangu

Rosine, usinipigie simu, nasikia haya. Acha niandike. Sasa hivi natoka kwenye boti.

Mafuta ya moteri yaliisha njiani, tukapandisha tanga. Upepo ukatusukuma pembeni, kwenye maji mafupi, kule ziwa lilipanda likakula avenyu yetu na nyumba zote. Papa Cyrille mwenye boti ni muntu wa Moba, hapajui. Miye njo nikafungua kinywa: "Papa, pita kushoto ya ule mungazi, ule muti wa mawese wa jirani yangu, chini ni muchanga tupu. Nilikaa hapa miaka kumi na moja."

Miaka kumi na moja! Nilijisifu hivyo mbele ya watu wote.

Boti ikapanda juu ya kitu, ikakwama. Papa Cyrille akashusha muti wa kusukumia, akagonga chini. "Mama Ulrich, ulisema muchanga. Haya ni matofali. Ukuta wa nani huu?"

Kumbe mungazi wa jirani ulishaanguka. Ule uliobaki njo wangu.

Nikajibu: "Ni ukuta wa lupango wangu, kwangu nyumbani."

Rosine, walicheka! Mama mumoja wa kuuza ndagala machozi yalimutoka.

Nimechoka, hata kukasirika sikuweza. Nikamuambia arudi nyuma, akamate kuume, mulango mukubwa wa lupango uko pale. Tukapita mulangoni na boti, polepole. Papa Cyrille, angali anacheka, akaita: "Hodi humu ndani!"

Kinywa changu kikajibu chenyewe: "Karibuni."

Hapo njo Papa Cyrille alivua kofia. Mpaka tunafika, hakuna aliyeniangalia.