Mzani wa Watu Wawili

Kasulu, Jumanne 12 Agosti 2014

Mgongo tena. Hata kuinama niandike ni kazi.

Nimembeba Zawadi hadi kliniki. Ana miaka tisa, na ugonjwa wa misuli aliozaliwa nao haujamruhusu kusimama hata siku moja. Kwa hiyo tumepimwa kama siku zote: napanda mzani naye mgongoni, halafu namkalisha kwenye benchi napanda peke yangu, nesi anatoa. Kinachobaki ni uzito wake, ndio unaoandikwa kwenye kadi. Wangu hauandikwi.

Nesi mpya, binti wa Tanga, akafurahi. "Hongera, mama Zawadi, mtoto ameongezeka."

Hongera hiyo imenikera mchana kutwa. Mshale niliuona mwenyewe: tukiwa wawili, tuko pale pale tulipokuwa mwezi wa tano. Basi alichoongeza yeye nimepungua mimi. Nikianguka, nani atambeba?

Nadhani nesi naye aligundua, maana aliniuliza taratibu, "Na wewe, mama, nani anakupima?"

Nikamwambia mimi si mgonjwa. Nilisema hivyo nimeshika ukuta, nikisubiri kizunguzungu kipite nimbebe tena mwanangu.