Watu Wanane, Viti Saba

Chumba cha mbele,
karibu na dirisha lisilofungika,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, wifi yangu na watoto. Kifua cha yule mdogo kimepona? Na mgongo wako, bado unalala sakafuni? Sisi huku hatujambo. Presha ya Mama imetulia tangu alipoacha kubishana na redio. Baba magoti yanamsumbua akipanda ngazi, kwingine kote yuko imara. Shemeji yako ni mzima, ila hajasema na mtu tangu jana, na sababu utaikuta humu humu. Mimi mwili hauna neno. Kichwa ndicho kinachoniuma, na kwa hilo nakushukuru wewe.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, halafu mtandao nao unakatika pale pale ninapofika kwenye la maana. Karatasi haikatizwi. Kaa chini usome mpaka mwisho, na usiruke mistari kama ulivyokuwa unafanya shuleni.

Nianze na tarehe. Hiyo siku ya kuwatembeza watoto jijini umeibadilisha mara tatu. Kila ukibadilisha, mimi ndiye ninayekwenda kusimama mbele ya bosi wangu pale kliniki ya meno kuomba ruhusa upya. Mara ya tatu alinitazama kama jino bovu. Sasa nimeandika Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kwa wino, na sifuti tena. Ndege yenu ikichelewa, mtajua wenyewe na rubani.

Halafu ile orodha yako. Maeneo kumi na moja kwa siku moja! Makumbusho, mnara, bustani ya wanyama, daraja jipya, sijui maktaba, na kila pahali umepapimia dakika arobaini. Ndugu yangu, umesahau jiji hili au umeshakuwa mgeni kabisa? Kutoka makumbusho hadi mnarani peke yake ni saa nzima na nusu, na hapo foleni iwe na huruma. Ile bustani yenye chemchemi uliyoiandikia "tutapiga picha hapa" imekuwa maegesho ya magari mwaka wa tano huu. Labda tupige picha na mlinzi. Nimekata maeneo saba. Usilie.

Mama naye ana sharti lake moja, nalo hajalilegeza: hataenda mahali ambapo hajui choo kiko wapi. Amenituma nikaulizie vyoo vya makumbusho kama vinafungwa mchana. Nilipiga simu, mtu wa pale akadhani natania, akanikatia.

Sasa tuje kwenye gari, maana ndiko balaa liliko. Unalikumbuka gari la shemeji yako, lile refu la zamani lenye kile kibenchi cha nyuma kabisa kinachotazama kioo cha nyuma? Mbele wawili, katikati watatu, kwenye kibenchi wawili. Saba. Sisi tuko wanane. Nimehesabu kwa kichwa, kwa vidole, na siku moja nikapanga vijiko mezani. Nane haingii.

Nilipendekeza tukodi gari la pili. Mama hataki hata kusikia, anataka wajukuu wote na watoto wote awe nao ndani ya gari moja, basi. Na usiniambie kwamba shemeji yako abaki uendeshe wewe. Huko mliko mnaendesha upande mwingine wa barabara, na gia ya tatu ya gari hili haiingii mpaka ibembelezwe. Mbembelezaji ni mmoja tu.

Tulikuwa bado tunakuna vichwa, ndipo Alhamisi ukaleta ule ujumbe wako. Nimeusoma mara nne nikitafuta mahali ulipotania. "Kwa vile nafasi ni finyu, nadhani Baba angepumzika nyumbani kwa sababu ya magoti. Wifi yako akae mbele maana gari humchafua roho." Umeandika kwa adabu kweli, kama barua ya ofisi. Mdogo wangu, nimekuambia magoti ya Baba yana ugomvi na ngazi. Gari halina ngazi.

Tusidanganyane, mimi na wewe tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo. Najua unachokiogopa. Siku ile binti yako alipopiga simu akamuuliza, "Babu, kazini ulikuwa unavaa tai?" mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Baba alinitazama kwanza. Kisha akamjibu, "Hapana, mjukuu wangu. Nilikuwa navaa glavu." Mtoto alifurahi mno, akapiga kelele kumwambia mama yake kwamba babu alikuwa daktari wa upasuaji.

Simu ilipokatika Baba akaniuliza, "Mdogo wako amewaambia nilikuwa nani?" Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Wifi alikwishaniambia zamani kwamba watoto wanamjua babu yao kama afisa wa afya wa jiji. Miaka ishirini na sita mtu amezoa taka za jiji hili, na wewe umempandisha cheo bila yeye kuomba. Sasa unaogopa atakaa ndani ya gari awaambie wajukuu kila pipa lilipokuwa. Na ni kweli atawaambia. Baba akianza hana breki.

Ule ujumbe niliutoa kwenye simu, nikaunakili kwenye kikaratasi ili nije nikuonyeshe siku mtakayofika, nikautia mkobani. Sikumwambia mtu. Niliona nipunguze kwanza hasira.

Jana tukaenda kuijaribu safari, ili siku yenyewe tusije tukaadhirika mbele ya watoto. Shemeji yako kwenye usukani, mimi pembeni yake na orodha yako. Baba naye alikuwa na orodha yake, ameiandika nyuma ya karatasi ya kalenda iliyokwisha, sehemu tatu tu. Alisema anataka wajukuu wapitishwe hapo hata kama hatusimami. Nikaona sehemu tatu si kitu, aliyetaka kumi na moja ni wewe. Hakuna aliyemwambia akae wapi. Alifungua mlango wa nyuma, akapanda kwenye kile kibenchi kwa magoti yale yale unayoyasikitikia, akashika chuma cha dirishani, tukaondoka.

Ee Mungu wangu! Sijapata kuona safari ya namna ile. Tumefika njia panda ya kwanza, tumeshaipita, Baba anapiga kelele kutoka nyuma, "Hapo! Kata kulia hapo!" Shemeji yako anafunga breki, magari nyuma yanatupigia honi, tunakwenda kugeuza. Njia panda ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Ule mzunguko mkubwa tuliuzunguka mara nne, mpaka askari wa barabarani akaanza kutupungia mkono kama tunajuana.

"Mzee, niambie kabla, usiniambie baada!" shemeji yako akasema. Unajua kwamba yeye huwa hampandishii Baba sauti.

"Nakuambia ninapopaona," Baba akajibu, naye ameshaanza kununa.

Mimi nikapandwa na mori. Nikaamuru gari lisimame, nikamwambia Baba aje mbele, mimi niende nyuma, angalau aone anakotupeleka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Alikaa mbele, akafunga mkanda, karatasi yake mkononi, akanyamaza kimya. Kulia haoni, kushoto haoni. Tukaipita ile hoteli kubwa, ya kwanza kwenye orodha yake, akaitazama kama hajawahi kuiona. Tulipoiacha kidogo akageuza shingo kutazama nyuma, mkanda ukamkaba, na uso wake wote ukabadilika. "Ndiyo hii! Simama! Mlango wa jikoni ule pale! Mpishi alikuwa anatuachia chai ya moto juu ya pipa la mwisho."

Shemeji yako akaegesha. Baba aliendelea kugeuka, anatazama nyuma, anatazama mbele, anatazama tena nyuma. Halafu akacheka kidogo, peke yake.

"Unajua, mwanangu," akaniambia, "mimi nilikuwa nasimama nyuma ya gari, nimeshika chuma. Kila kitu nilikiona kikishapita. Kumbe hoteli hii inaonekana hivi mtu akiijia."

Miaka ishirini na sita, mdogo wangu. Mimi na wewe tumekula, tumevaa na kusoma kwa kazi ile, na sikuwahi kujiuliza hata siku moja Baba alikuwa anatazama upande gani.

Sehemu ya pili ilikuwa mteremko nyuma ya hospitali, ambako aliwahi kudondoka kwenye gari la taka, wenzake wakamwokota. Ya tatu ilikuwa shule yako. Wala usishtuke, lango ni lile lile, wamelipaka rangi tu. Alisema gari lao lilikuwa linapita pale kila Jumanne, saa mbili kasorobo, nyinyi mko paredi. Wewe ulikuwa mstari wa pili, na soksi moja kila siku imeshuka. Akasema gari likikata kona ya shule alikuwa anaivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Nikamuuliza kwa nini.

"Ili asipate taabu ya kujifanya hanijui," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya mkato. Miaka minne, kila Jumanne. Mimi sikujua. Wewe ulijua? Usinijibu. Jibu nalijua kwa sababu soksi zile nilikuwa nakufulia mimi, na kila Jumanne ulikuwa unarudi umenuna.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza taratibu, "Siku hiyo ya watoto, mimi nitakaa wapi?" Kikaratasi chenye maneno yako kilikuwa mkobani, mkoba uko mapajani. Nikajitia natafuta leso.

Tulipofika nyumbani nilimwonyesha shemeji yako kile kikaratasi. Alikisoma, akavua miwani, akanirudishia bila neno, akaenda kuosha gari. Ameliosha mara mbili. Ndiyo maana nimekuambia hasemi na mtu.

Basi sikiliza, kwa sababu hili sikuombi, nakuarifu. Baba atakaa mbele, na leo asubuhi nimeshamwambia. Wifi yangu atakaa katikati karibu na dirisha, nitamwekea ndimu na mfuko, na shemeji yako atakwenda polepole. Sijamsikia mtu aliyekufa kwa kichefuchefu. Mama na mtoto mdogo watakaa pamoja naye. Wewe na binti yako mtapanda kile kibenchi cha nyuma, mtazame kioo cha nyuma, na chuma cha kushika kipo. Jiji utaliona vizuri sana ukiwa pale, likishapita.

Hao ni saba. Anayebaki ni mimi, na Mama nitamtuliza mwenyewe. Wala usianze kunihurumia, nimeomba ruhusa mara tatu na nimeipata, nitailala yote. Makumbusho nimekwenda na wanafunzi wa kliniki mara mbili, na choo chake nimeulizia tena, kinafungwa mchana, mwambie Mama amalize haja zake mnarani.

Lakini kuna jambo moja ambalo sitakufanyia. Binti yako ana maswali, na humo nyuma atakuwa na wewe peke yake. Mkipita ile hoteli babu yake ataanza kusimulia habari za mapipa, na mtoto atakugeukia wewe. Waambie kabla hamjapanda ndege. Waambie kwa mdomo wako mwenyewe alikuwa anafanya kazi gani, na ada yako ilitoka wapi. Usimwachie Baba ajieleze kwa wajukuu wake kama mshtakiwa. Safari hii asije akatafuta kofia ya kuvuta.

Nimesema sana. Hasira haijaisha, ila karatasi inaisha, na mkono umechoka. Nakupenda, mjinga wewe, na nina hamu ya kukuona mpaka nimeanza kuosha mapazia.

Msalimie sana wifi yangu, na umwambie nimemwekea foronya mpya. Wabusu watoto wote wawili kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakula haraka haraka. Shemeji yako angekusalimu angekuwa anasema. Mungu awafikishe salama, awape anga tulivu, na wewe akupe kifua cha kusema neno moja la kweli.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nilivyokukasirikia.

Nyongeza: Nilikuwa nataka kuifunga bahasha, nikatupa jicho dirishani. Gari limeegeshwa uani, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa shemeji yako. Baba amekaa kiti cha mbele, amefunga mkanda, mikono juu ya magoti. Nimemwita nikamuuliza anafanya nini humo na jua lote hili. Anasema anajizoeza.