Firigisi Niliyoirudisha

Jumapili, Matungu. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko na bado haijakata. Njia ya miwa ni tope tupu. Kutoka kanisani tulirudi na viatu mkononi.

Sina huzuni. Naliandika hili kwanza nisije nikajidanganya baadaye. Furaha pia sina. Moyo una ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: najua upo kwa sababu nauona tu.

Leo ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Katika nyumba hii, siku hiyo kila mtu husema neno moja la shukrani kabla ya kula. Mpwa wangu Makokha aliirithi desturi hiyo kwa mama yake, dada yangu, ambaye alimshukuru Mungu hata kwa chumvi. Makokha ndiye aliyetupokea, mimi na mke wangu na Biblia moja, nyumba yetu ilipochomwa kule juu, ng'ambo ya Mautuma. Alisema tukae mpaka mambo yatulie.

Mambo yalitulia. Mke wangu akazikwa hapa, kisha dada yangu. Mimi bado nakaa.

Niungame jambo moja. Miaka yote hii sijapanda hapa kitu kinachopita msimu mmoja. Kunde, maharagwe, sukuma wiki, basi. Makokha aliwahi kuniletea miche ya parachichi nikampa jirani. Niliona kwamba anayepanda mti ametia sahihi ya kukaa daima, nami sikutaka kutia sahihi.

Juma lililopita mtu tuliyekuwa tukipakana mashamba kule juu alinipigia simu. Watu wamerudi, alisema, na shamba langu bado lipo, limeota magugu. Je, narudi? Nilimwambia nitamjibu Jumatatu. Nyumba nzima ilisikia, kwa maana mimi huongea na simu kama ninayeita ng'ombe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza neno. Nekesa, mke wa Makokha, amekuwa akiniwekea sukari ya ziada kwenye chai.

Kanisani leo nilijaribu kutayarisha shukrani yangu. Maji ya kuoga ambayo Nekesa hunipashia moto kila asubuhi bila kuombwa. Paa lisilovuja. Binti yao, Nanjala, anayenisomea maandishi madogo tangu miwani yangu ivunjike, na kuruka maneno asiyoyapenda. Maziwa. Nyimbo zile zile ninazozijua bila kitabu. Niliyapanga vizuri, kama mwalimu apangavyo somo.

Hakuna hata moja lililonigusa.

Mezani, Nanjala alishukuru kwa jino lililong'oka bila kuuma. Nekesa alishukuru kwa mvua. Makokha alishukuru kwa miwa iliyowahi kutoka shambani kabla ya tope. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Asante Mungu kwa yote." Nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi akiniandikia sentensi kama hiyo ningemrudishia daftari.

Kisha Nekesa akapakua obusuma, ugali wetu, na kuku. Kwetu, mjomba ni mgeni wa heshima katika boma la mpwa wake, hata akikaa humo mpaka azeeke. Kwa hiyo firigisi, ile tunayoiita imondo, ambayo ingekuwa ya mwenye nyumba, huwekwa kwenye sahani yangu. Makokha ana mvi kidevuni, na nikiwepo hajawahi kuila mezani pake mwenyewe.

Niliitazama. Nikaichukua, nikaiweka kwenye sahani yake.

Hakuna aliyetafuna.

"Mjomba, ama nimeiunguza?" Nekesa aliuliza.

"Haijaungua."

"Imondo hairudishwangi," Makokha alisema bila kuniangalia. "Mtu akirudisha, anaaga. Kama unaenda, useme tu, tukufungie mizigo."

"Kama hamuitaki, mnipe mimi," Nanjala alisema.

"Wewe! Msichana na imondo, wapi na wapi?" mama yake akamkemea, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Sikuwa nimepanga la kusema. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Mgeni ndiye anayewekewa. Mimi nafunganga ng'ombe wenu kila jioni. Ni mgeni gani huyo? Kesho nitampigia yule mtu, nimwambie afyeke yale magugu apande chake. Kula, mwenye nyumba."

Makokha aliila polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka ladha yake. Alipomaliza akapangusa mdomo.

"Sasa kama wewe si mgeni, mzee, Jumapili ijayo kuku utachinja mwenyewe. Mgeni ndiye hashikishwangi kisu. Umetukalia bure miaka hii yote!"

Nekesa alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Machozi niliyodhani yangekuja hayakuja. Ganzi bado ipo hata ninapoandika haya, na siwezi kusema Mungu alinishika bega au nilisikia amani ikishuka.

Ila niliona kitu kimoja. Mchuzi haukuwa na chumvi ya kutosha, nami nikasema hivyo kwa sauti. Nekesa akaniambia chumvi iko pale rafuni, niende nichukue.

Nikaenda nikachukua.

Jioni nimekiangalia kisu cha jikoni. Ni butu kabisa, na mpini umefungwa kwa kipande cha mpira. Kesho, nikishapiga simu, nitakinoa.