Wadudu wa Ziwa Juu ya Dashibodi

Ijumaa jioni. Joto limekataa kutoka na mimi nimechoka hadi kope.

Jumapili ndiyo mwisho. Mama mkwe alisema mbele ya kila mtu: gari la marehemu Mzee, mumewe, likimfikisha yeye kanisani bila aibu, linabaki hapa nyumbani. Likishindwa, shemeji aliuze kwa watu wa vyuma chakavu. Injini fundi ameshamaliza. Ndani, kupaka rangi upya plastiki zilizopauka, niliachiwa mimi, kwa sababu nilisema naweza.

Nilisema mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Plastiki za gari hilo la zamani si laini. Zina vipele vidogo kama ganda la chungwa. Ukipiga msasa, vinaisha. Ukipuliza rangi nzito, vinazama. Kwa hiyo niliosha kwa sabuni na mswaki, nikapuliza kidogo kidogo, mwanangu Achieng akiwa kwa jirani asivute ile harufu. Plastiki za milango zilitoka vizuri mpaka nikajisifu.

Ikabaki dashibodi, mahali macho ya kila mtu yanaanzia. Nikaifungua garini, nikaipuliza nje, jioni hii, nikijua kabisa upepo wa saa hizo unatoka ziwani.

Wakaja. Wale wadudu wadogo, wingu zima, wakatua kwenye rangi mbichi.

Badala ya kutulia nikashika kitambaa nikapangusa. Kona nzima ikawa uji.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Achieng, hiyo ni dashibodi ama umeanika omena?" Eti vile visamaki vya ziwani vinavyoanikwa mchangani.

Nilitaka kumrushia mkebe. Machozi yalikuwa karibu, nikayameza, sitalia mbele yake.

Mama mkwe hakucheka. Aliinama, akatazama, akasema, "Na omena ikikauka si unapukuta tu mchanga? Wewe toa mkono hapo."

Nimetoa mkono. Ile kona nimeifuta kwa spiriti, polepole, mpaka vipele vikaonekana tena. Kwingine nimewaacha wadudu wakauke na rangi yao. Kesho mapema nitawatoa kwa mswaki, halafu nipulize mara moja, nyepesi, kabla upepo haujageuka.

Lakini si peupe tena. Sasa hivi nashona matundu ya chandarua cha zamani cha Achieng. Kesho dashibodi itakaa ndani yake kama mtoto mchanga.

Rangi itakubali? Sijui.

Shemeji amepita tena dirishani. Sijainua kichwa. Bado tundu moja kubwa.