Sajini Ameacha Mandazi

Mpendwa Baba Lamaro,

Nakuandikia nikiwa barazani hapa Namakwekwe, Mbale, moyo wangu unacheka. Mbwa wako amepona! Habari hii sikutaka kuipitisha kwenye simu inayokatika-katika.

Unakumbuka ulivyomleta, tukiwa bado kambini Jinja? Ulimtoa ndani ya koti lako la mvua, kitoto kinachotetemeka, ukaniambia, "Huyu ni Sajini. Mpigie saluti." Nami nikampigia. Kila asubuhi kabla ya gwaride ulikata andazi lako vipande viwili, kimoja chako, kimoja chake, na chai ya maziwa ukammiminia kwenye kifuniko cha sufuria. Nilikuwa nawatazama kutoka mlangoni mkinywa pamoja, nikajiona mwanamke mwenye bahati.

Kisha ukatumwa ng'ambo ya mpaka. Nasi tukahamia Mbale, kwetu, na mama yako akaja kukaa nasi. Upweke ulipomzidi, Mama aliutuliza kwa kumlisha Sajini. Asubuhi andazi, mchana chapati, jioni mifupa ya kuku na mchuzi wenye vitunguu. "Mtoto wangu alimlisha hivi," alisema, huku akimwongezea kipande kingine. Mbwa akanenepa kama gunia la mahindi. Mvua za mwaka huu zilipoanza, alishindwa kupanda ngazi za baraza. Alilala chini akihema, ananitazama tu.

Nikampakia kwenye boda mpaka mjini, kwa daktari wa mifugo. Njia nzima mwenye boda alicheka: "Mama, hii ni mbwa ama ndama?" Daktari, mama mmoja mpole, alimpapasa akitafuta mbavu, asizipate. "Moyo wake umechoka kubeba huu mwili," akasema. "Mkiendelea hivi mtamzika." Akapiga marufuku sukari. Akapiga marufuku vitunguu, maana kwa mbwa ni sumu, na mifupa iliyopikwa, maana huvunjika ikatoboa matumbo. Apewe ugali wa posho kidogo na dagaa wa mukene wa kuchemsha bila chumvi, na boga likipatikana, asubuhi na jioni, basi. Maji safi yasikosekane.

Baba Lamaro, hapo vita vikahamia jikoni kwangu. Mama alishika kiuno. "Unanyima chakula mbwa ya mtoto wangu? Akirudi akute mifupa tupu?" Siku ile alisusa hata chakula chake. Jioni nikaenda kuketi naye mkekani. Nikamwambia, "Mama, hata mimi namuwaza mtoto wako mpaka nalia. Lakini nataka akirudi amkute Sajini hai." Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nionyeshe hiyo mukene inachemshwa namna gani."

Tangu hapo yeye ndiye afande wa jiko! Watoto wa jirani wakirusha kipande cha chapati juu ya ua, utamsikia: "Hapana! Sajini iko na chakula yake!" Wiki za kwanza mbwa alilia mlangoni, nasi tukaziba masikio. Tulimtembeza polepole hadi barabarani, baadaye hadi dukani. Siku moja nikampapasa, vidole vyangu vikagusa mbavu. Nilimkumbatia kama mwehu. Hata jirani ambaye paka wake huharisha kila akinywa maziwa amekuja kuuliza. Mama akamjibu, "Acha maziwa. Mpe samaki na maji," kana kwamba amesomea.

Jana asubuhi nikasikia vigelegele. Nikatoka mbio, Lamaro nyuma yangu. Sajini alikuwa juu barazani, amepanda mwenyewe, mkia unapiga mlango! Akashuka, akapanda tena, kama anayetuonyesha kwamba haikuwa bahati. Mama alikuwa anacheza ile ngoma ya kwenu, miguu peku, matope mpaka magotini. Majirani wakaja wakiuliza, "Kuna harusi?"

"Inashinda harusi!" akajibu. Kisha akanishika mkono, akauinua juu. Unajua miaka yote hii mama yako aliniita "mke wa mtoto wangu," hakuwahi kuniita vingine. Jana, mbele ya mtaa mzima, alisema, "Huyu ni binti yangu. Ni yeye aliyeokoa Sajini."

Jilinde huko uliko, mpenzi. Huku tunashinda.

Ni mimi mkeo, na sasa binti wa mama yako,
Mama Lamaro